Kinyonga wa Kwenye Kalenda

Nakijwa yuko kitandani. Homa imeondoka, lakini miguu yake bado ni laini kama uji.

Anaishi na Shangazi Nanzia, mwenye shamba la tangawizi. Kila jioni Shangazi huandika kwenye kalenda ya ukutani. Habari za watu haandiki. Huandika alichokiona shambani.

Mvua inagonga bati. Ti, ti, ti. Halafu inakatika.

"Shangazi, nataka kwenda nje."

"Haya, nenda."

Nakijwa anasimama. Puu! Amekaa chini.

Analia. "Je, nisipotembea tena?"

"Pole, mwanangu. Njoo nikusomee."

Shangazi anampakata. Anasoma kalenda.

"Jumatatu. Kinyonga ameanza kuvuka njia ya shambani. Yumba, yumba. Kanyaga. Pumzika."

"Jumanne. Mvua. Kinyonga amekaa chini ya jani. Hana miadi na mtu."

"Jumatano. Kuku amemtazama kinyonga. Kinyonga amemtazama kuku kwa jicho moja. Jicho lingine linatazama njia. Yumba, yumba. Kanyaga. Pumzika."

Nakijwa anacheka. Machozi bado yako shavuni.

"Halafu? Alivuka?"

Alhamisi ni nyeupe. Ijumaa ni nyeupe. Jumamosi pia.

"Mbona hukuandika?"

"Sikwenda shambani. Nilikuwa nakutazama wewe."

Nakijwa anashika kidole cha Shangazi.

"Kwa hiyo hatujui kama alivuka."

"Hatujui."

"Inabidi mtu akaangalie."

"Inabidi," anasema Shangazi.

Nakijwa anasimama tena. Anashika kitanda. Yumba, yumba. Kanyaga. Pumzika.

Anashika ukuta. Yumba, yumba. Kanyaga. Pumzika.

Kuku anachungulia mlangoni. Nakijwa anamtazama kwa jicho moja. Kuku anajiondokea zake.

Huyo, kizingitini! Kanyaga. Nje kunanukia udongo na tangawizi.

Upande wa pili wa njia kuna kijiti. Juu ya kijiti kuna kitu cha kijani. Kina macho mawili, moja huku, moja kule.

"Alivuka," anasema Nakijwa.

"Naona," anasema Shangazi. Anapangusa macho kwa kanga.

Jioni, Nakijwa amekula, ameoga, amejifunika. Shangazi anaandika kwenye kalenda.

"Umeandika nini?"

"Jumapili. Leo nimeona wawili wamevuka."

"Soma tena."

"Jumapili," anasoma Shangazi. "Leo nimeona wawili..."

Nakijwa amelala.