Maziwa Kwenye Kibodi

Kila alasiri, akitoka shuleni, Chiriku aliingilia mlango wa nyuma, moja kwa moja hadi jikoni. Shuleni alikuwa na jina lake jingine, lakini nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Hata kabla hajatua mkoba, alikuwa ameshaanza kumsimulia bibi yake nani alichelewa, nani alianguka na mwalimu alisema nini.

Siku hizo jikoni kulikuwa na kompyuta. Mjomba wake, aliyekuwa fundi wa kompyuta, aliiunganisha kwa vifaa vilivyokwisha tumika, kwa kuwa mpya haikununulika. Kasha lilitoka katika ofisi iliyofungwa, skrini ilikuwa na mkwaruzo pembeni, na kibodi kilikuwa kimefutika herufi kadhaa. Aliiweka kwenye rafu kati ya kabati na dirisha, mbali na mvuke wa jiko na mbali na karo la kuoshea vyombo. Waya aliubana ukutani ili mtu asijikwae. Kisha akabandika kipande cha karatasi nyekundu juu ya kitufe kimoja.

"Mama, huyu ni mnyama mpole, haumi," alimwambia Bibi. "Ukitaka kumwona mdogo wako, bonyeza hapa penye wekundu. Basi."

"Na nikimkosea?"

"Humkosei. Adui zake ni mafuta, mvuke na kinywaji cha aina yoyote. Chiriku, unanisikia?"

"Nakusikia, Mjomba."

Tangu hapo Bibi alibadilika. Mdogo wake, ambaye wote walimwita Bibi Mdogo, aliishi mbali sana, na miaka mingi ilikuwa imepita bila wao kuonana. Sasa walipika pamoja kila alasiri, kila mmoja jikoni kwake. Mmoja akikata vitunguu, mwenzake anachambua maharage, na maneno hayaishi.

"Dada, punguza moto, wali wako unaungua," Bibi Mdogo alikuwa akisema.

"Unanusa kutoka huko?"

"Sinusi. Nakujua."

Walicheka mpaka Bibi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Jumamosi moja Bibi alikwenda kumjulia hali jirani aliyejifungua, na mama yake Chiriku alikuwa kazini. Chiriku akajimiminia kikombe cha maziwa, akatia sukari ya kutosha, akaketi mbele ya kompyuta kutazama katuni. Maneno ya Mjomba aliyakumbuka vizuri. Akajiambia kikombe kitakuwa mbali kidogo, na yeye si mtoto mdogo. Katuni ikanoga, akacheka, kiwiko kikagusa kikombe. Maziwa yakatiririka kati ya vitufe.

Aliruka kutoka kitini. Alichukua kitambaa akafuta, akakipindua kibodi, akakitikisa, akafuta tena. Ile karatasi nyekundu ilikuwa imebanduka. Akaibandika upya, akainyoosha kwa kucha. Alipojaribu vitufe, vilifanya kazi. Akaosha kikombe na kukirudisha kabatini. Bibi aliporudi na kuuliza habari za nyumbani, alijibu, "Njema tu, Bibi."

Kesho yake Bibi alinawa mikono, akaikausha vizuri, akabonyeza penye wekundu. Kitufe kilizama, hakikuinuka. Skrini ikajaa herufi moja, mstari baada ya mstari. Bibi akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kisha kwa hofu akachomoa waya. Alipouchomeka, kompyuta ikalia tii, tii, tii, na skrini ikabaki nyeusi.

"Nimeiua," alisema Bibi, akivitazama vidole vyake. "Mikono yangu imezoea mwiko, si vitu hivi."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni. Ulimi ulikuwepo, lakini ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Mjomba alikuwa safarini kikazi, ikabidi asubiriwe. Bibi alimpigia mdogo wake kwa kile kisimu chake kisicho na picha. "Kompyuta nimeiharibu mwenyewe, mdogo wangu. Uzee huu," alisema, kisha akaaga upesi. Kuanzia hapo alipika kimya, akiwa ameipa rafu mgongo. Hata redio hakutaka kuigusa; alimwomba Chiriku amfungulie. Mama alimfariji kwamba vitu huharibika, naye akaitikia kwa kichwa tu.

Chiriku naye hakusimulia tena ya darasani. Chakula kilimshinda. Mama alimgusa paji la uso akauliza kama anaumwa, akajibu hapana. Kila akitaka kusema, alifikiri: jana ndiyo ingekuwa siku nzuri ya kusema, leo nimeshachelewa. Na kesho yake aliwaza hivyo hivyo.

Mjomba aliporudi, alikuja na bisibisi zake. Kabla hajagusa chochote, Bibi alimwambia, "Iondoe hapa, mwanangu. Ukiitengeneza, mpe Chiriku aiweke chumbani kwake, asomee. Mikono yake inaijua. Mimi niacheni na masufuria yangu."

Kompyuta chumbani kwake! Chiriku aliwahi kuiota zawadi hiyo. Sasa aliposikia inatoka kinywani mwa Bibi, hakuitaka tena. Mjomba akaanza kukunja waya. Bibi akageukia maharage yake, akayaosha tena ingawa maji yalikuwa tayari safi.

"Bibi, si wewe," Chiriku alisema.

Mikono ya Bibi ikasimama ndani ya maji.

"Ni mimi. Nilimwaga maziwa Jumamosi, ulipokwenda kwa jirani. Nikafuta, nikanyamaza." Machozi yakamtoka. "Hukuiua, Bibi. Uliikuta nimeshaiharibu."

Waya uliwekwa chini. Mjomba alikipindua kibodi, akafungua skurubu na kutazama ndani. Maziwa yenye sukari yalikuwa yameganda kama gundi chini ya vitufe.

"Ni kweli," alisema taratibu. "Kasha ni zima. Lilikuwa linalia kwa sababu kitufe kimekwama. Kibodi ndicho kitu rahisi kupatikana kuliko vyote hapa. Ninacho kingine karakanani. Ungesema siku ile ile, mama yako angekichomoa na mimi ningetuma kingine."

Mama, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alivuta pumzi. "Umemwacha bibi yako hivi siku zote hizi, Chiriku?"

Chiriku alijifuta machozi kwa kiganja.

Kibodi kingine kililetwa jioni hiyo. Karatasi nyekundu ikahamishiwa juu yake. Bibi alisita, kidole kikining'inia hewani, kisha akabonyeza. Uso wa Bibi Mdogo ulipotokea, Bibi alimsogezea Chiriku kigoda. "Kaa. Mweleze."

Chiriku alieleza yote, bila kujitetea. Bibi Mdogo alisikiliza hadi mwisho. "Nilidhani dada yangu amenichoka," alisema. "Simu zake zilikuwa fupi mno."

Hilo Chiriku hakuwa amelifikiria kabisa. Aliomba radhi kwa wote wawili, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Bibi alimwachia kitambaa cha kufutia rafu, kazi ambayo ingekuwa yake kila siku, na katuni zikasimamishwa. Kisha akamshika bega, si kwa ukali.

"Maziwa humwagika, mjukuu wangu. Hata mimi nimemwaga mengi. Watu husema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Wewe ulilirudia kila siku uliyoniona nimeinama ukanyamaza. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wako akidhani ni wake."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya. Niletee vitunguu, mdogo wangu ananisubiri."