Kibanio Kilichohitaji Mtu wa Pili

Yaliyomkuta rafiki yangu Anselme Gagnon, fundi mstaafu wa vyuma vidogo pale Providence, yalianza na barua. Alikuwa amebuni kibanio cha pochi cha kumshinda mwizi: ukikibonyeza kinalia ti, ukikisokota kinalia ta, ndipo kinafunguka. Ofisi ya hataza, inayosajili uvumbuzi, ikamjibu, kwa adabu ya kurasa nne, kwamba haisajili kibanio kinachomtii mbunifu peke yake. Alete mtu mwingine mmoja anayeweza kukifungua.

Mmoja tu. Lakini tangu mkewe Odile afariki, Anselme hakuwa na mtu mwingine. Akaipeleka pochi yenye kibanio hicho posta ili karani aijaribu, karani akahangaika nayo mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

"Mzee, hii ni pochi au jela?"

"Bonyeza, mwanangu, kisha sokota."

"Nimebonyeza mpaka kucha imevunjika. Mpe mkeo ajaribu."

Anselme akaichukua pochi yake, akaondoka.

Alifika nyumbani theluji ikianguka, akatia komeo mlangoni. Umeme ulikuwa umekatika, na giza la saa kumi na moja jioni ya majira ya baridi lilishajaa sebuleni. Akaiacha pochi mezani, imefungwa, akaenda jikoni kupapasa kiberiti.

Ti.

Springi imelegea, akajiambia. Springi iliyolegea hulia mara moja tu. Akabana pumzi, akangoja.

Ta.

"Nani?" aliuliza polepole, kama anayeogopa kumfukuza mgeni.

Akawasha njiti, akarudi mezani. Pochi ilikuwa wazi. Akaingiza mkono ndani, akakuta bitana ina joto, kama mfuko wa koti ambao mtu ametoa mkono sasa hivi.