Hina kwenye Injini

Mpira wa petroli ulikuwa umeibwa. Tangi lipo, injini ipo, lakini kile kipande cha mpira kinachoviunganisha hakipo, na bila hicho boti ya Inspekta Idarus ilikuwa beseni tu.

"Nani amekaribia hapa?"

"Sikuona mchu, afande," alijibu Koplo Shihab, msaidizi wake, kwa Kibajuni chao.

Idarus alikuja kisiwani Chovae kwa wakwe zake, pamoja na mkewe Fadhila na watoto, kula Idd. Likizo gani hiyo! Vita vilikuwa mlangoni, na wanajeshi walijazana ufukweni kana kwamba kisiwa kina dhahabu. Hakuna chombo kilichoruhusiwa kutoka. Boti yake tu ndiyo iliyopewa kibali, kwa kuwa asubuhi ile Shihab alileta amri: polisi wote warudi Kismayo kabla ya magharibi, wakalinde sikukuu. Atakayechelewa atahesabiwa mtoro, na malipo ya mtoro ni risasi.

Inspekta alipiga magoti akakagua. Kwenye kifuniko cha injini palikuwa na alama za vidole, rangi ya chungwa. Akanusa. Hina, tena mbichi.

Ilikuwa siku ya Arafa, na wanawake wote wa nyumba ya wakwe, iliyo jirani na boti, walikuwa wamepakana hina. Mkono uliopakwa haushiki kitu mpaka ukauke, kwa hiyo mwizi lazima ameharibu ya kwake. Kazi nyepesi, alijiambia. Akawapanga wanawake ukumbini.

"Fadhila, fungua kiganja."

"Wanishuku mkeo?"

"Namshuku kila mchu."

Maua ya hina yalikuwa mazima, kiganja baada ya kiganja. Inspekta akaishiwa maarifa.

"Umebakisha mmoja, afande," Shihab alinong'ona. "Mama mkwe."

Idarus aliona haya kusikia tu. Tangu aoe hajapata kumtazama Bi Mwanatumu usoni; huzungumza naye pazia likiwa katikati. Leo amkague viganja? Aibu gani tena hiyo! Lakini jua lilikuwa linateremka. Akasimama mbele ya pazia, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekutilia chakula."

Mkono ukapita chini ya pazia na sahani ya wali. Idarus alikiona kiganja bila kutaka. Hina yote ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga.

"Mama... mpira umeuchukua wewe?"

"Ni mimi."

"Uko wapi?"

"Nimeukalia."

"Kwa nini, mama? Wataniua kwa utoro!"

"Watakuua ukienda. Wanajeshi wawili walisimama nyuma ya ua, wakisema Kisomali. Hawakujua kuna mchu ndani. Amri yenyewe ni mtego; jeshi haliwaamini tena polisi. Kila polisi atakayeshuka bandarini atanyang'anywa silaha, apigwe risasi."

"Si ungeniambia!"

"Fadhila alikusihi usiende, ulimsikia? Kwako kazi ni kazi. Mimi sitaki binti yangu akae eda."

Hasira zilimpanda. Alikuwa anatafuta maneno ya kumwamuru mkwewe bila kumkosea adabu, mara redio ya polisi aliyobeba Shihab ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Nasrudin, mwenzao wa kituoni.

"Msije! Wallahi msije! Wanatumaliza hapa ban—"

Milio ya risasi, kisha kimya. Shihab aliketi chini palepale.

Idarus alilia, wala hakujificha. Alimlilia Nasrudin, na alilia kwa shukrani, kwa kuwa wanawe walikuwa uani wanacheza na bado wana baba. Amekamata wezi wengi maishani. Hajapata kumwombea mmoja wao dua, ila leo.

"Kibali bado tunacho," Shihab alisema polepole. "Wanajeshi watatupisha wakijua tunakwenda Kismayo. Tukishatoka, tunageuza kusini. Tunapita Ras Kamboni mpaka Kiunga, upande wa Kenya."

"Sote," alisema Idarus. "Na mama."

Akaligeukia pazia.

"Ahsante, mama."

Mpira wa petroli ukasukumwa nje, ukatulia kando ya sahani.

"Kula kwanza, mwanangu. Kiunga ni mbali."