Dakika Nne za Dobi

"Usisugue!"

Ukumbi wa leseni za biashara ulikuwa umefurika tangu saa mbili asubuhi. Watu walibanana kwenye mabenchi, wengine wameegemea ukuta, mafaili yamekumbatiwa vifuani. Katikati ya msongamano huo mwanamume mmoja mrefu, shati jeupe na tai ya kijivu, alikuwa amejimwagia kahawa kifuani na alikuwa anaisugua kwa leso kwa nguvu zake zote. Sauti iliyomkataza ilitoka benchi la nyuma.

"Unaliua hilo shati. Gandamiza, usisugue. Ukisugua doa linaenea."

Mwanamke alisimama, akamnyang'anya leso, akaigandamiza juu ya doa taratibu. Alivaa gauni la buluu lililopigwa pasi likanyooka kama karatasi mpya. Mikono yake ilinukia sabuni, na kitu kingine kitamu kidogo ambacho mwanamume hakukitambua.

"Wewe ni daktari?"

"Dobi."

"Basi nimepona."

"Hujapona. Shati hili lifike kwangu leo, la sivyo kesho tutalizika."

Mwanamume akacheka, na mwanamke naye akacheka, na mtu wa dirisha la tatu akaita namba ya mwanamke mara mbili bila kuitikiwa. Mwanamume huyu hakuwa mtu mbaya. Niliseme hilo mapema, kwa sababu huko mbele utatamani kumzaba kibao.

Alikuwa wakala wa bima. Si ya gari wala ya maisha. Yeye aliuza ile ambayo wafanyabiashara wengi huikunjia uso, bima ya uchafuzi. Kitu kikivuja kwenye biashara yako kikaharibu ardhi au maji ya jirani, kampuni inasafisha na kulipa fidia. Na Dobi alikuwa ukumbini siku ile kwa sababu dirisha la tatu lilikuwa limemkatalia leseni: mwaka huo, kila aliyehifadhi kemikali alitakiwa kuwa na bima hiyo hiyo.

"Mungu anapanga," alisema Wakala alipoambiwa.

"Au kahawa inapanga," alijibu Dobi.

Jioni hiyo Wakala alilifikisha shati. Duka lilikuwa la marehemu baba yake Dobi: chumba kirefu chenye joto, mashine mbili za maji, moja ya kusafishia makoti na suti kwa dawa bila maji, na safu za nguo zinazoning'inia na namba zao. Dawa iliyokwisha kutumika iliteremka kwenye tangi lililofukiwa chini ya sakafu. Mlango wa nyuma ulifunguka kwenye ua wa wapangaji, na katikati ya ua kulikuwa na kisima. Hapo mezani shangazi yake Dobi alikuwa anapiga pasi, miwani imemshuka puani. Alimtazama mgeni kutoka viatu hadi nywele.

"Huyu ndiye wa kahawa?"

"Ndiye, shangazi."

"Karibu, mkwe."

Dobi, aliyekuwa anajaza fomu ya bima, aliona haya mpaka akaangusha kalamu. Ukutani kulikuwa na kibao: nguo isiyochukuliwa kwa siku tisini si jukumu letu. Wakala akakisoma, akatabasamu.

"Kumbe na wewe una masharti. Langu kali ni moja tu. Taarifa ije bima ikiwa hai. Ikifa leo ukaja kesho, umechelewa, hata ulie machozi ya damu. Kwa hiyo ukinusa kitu, ukiona kitu, usisubiri barua wala mhuri. Nipigie mimi kwanza. Kuniambia mimi ni kuiambia kampuni."

"Na nikikukumbuka?"

"Hapo pia unipigie."

Alimpigia. Mwaka mzima simu hazikukoma.

"Umeamkaje, Dobi wangu?"

"Nimeamkia mashuka ya hoteli nzima. Na wewe, Bwana Bima?"

"Nimeamkia wewe."

"Muongo. Umeamkia bosi. Eti, utaniposa lini?"

"Nipe mwezi mmoja."

"Kila mwezi unaniomba mwezi!"

Alikuwa anampenda, tena sana, ila alikuwa mtu wa kuahirisha. Jambo zuri alilingoja likomae, na jambo baya alilingoja lijiondokee lenyewe.

Ndiyo sababu kampuni ilipoamua kuachana na madobi wote wadogo, bima zao zikiisha zisihuishwe tena, alinyamaza. Alipewa barua arobaini azitie sahihi mchana mmoja, na ya Dobi ilikuwamo. Aliitia. Kisha akaanza kumbembeleza bosi kwa ajili ya barua hiyo moja, na huku anabembeleza, akaendelea kula kwa Dobi wiki mbili nzima bila kutamka neno. Barua ikafika kabla ya ulimi wake.

"Hii sahihi ni yako?" Sauti ya Dobi kwenye simu ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimtisha.

"Nisikilize kwanza..."

"Ni yako au si yako?"

"Ni yangu. Lakini nilikuwa nahangaika na bosi, nilitaka nikuambie mambo yakishakaa sawa."

"Wiki mbili! Unakaa na shangazi yangu, unaitwa mkwe, unaongezewa chai, na barua umeshaitia sahihi. Ulikuwa unanionaje?"

"Dobi wangu..."

"Mimi si dobi wako. Mimi ni barua moja kati ya arobaini. Usinipigie tena."

Na yeye, mtiifu mahali pasipostahili utii, hakupiga.

Siku ya tisa, Jumatatu adhuhuri, ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu yake kutoka kwa Dobi. Dakika nne. Bima ilikuwa inakwisha Jumatano, lakini hakuiwaza bima hata kidogo. Aliutazama ujumbe huo. Mtu anayetaka kurudi, alijiambia, huandika maneno mawili. Dakika nne ni za kuaga. Akauficha asiuone. Kesho yake akaogopa kuufungua, na baada ya wiki akaona aibu kuufungua, na baada ya mwezi aibu yenyewe ikawa sababu ya kutosha.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Kisha faili la Dobi likatua mezani kwake.

Bosi alilileta mwenyewe. Wakaguzi wa mazingira walikuwa wamekipima kisima cha wapangaji wakakuta dawa ya kusafishia nguo. Wamekifunga kisima, wamelitia duka lakiri, na dobi ameleta dai. Bima yake ilikwisha zamani.

"Jibu swali moja, faili lifungwe," alisema bosi. "Andika hapana, tukale."

Swali lilikuwa fupi: je, mteja alitoa taarifa yoyote kwa kampuni au kwa wakala wake kabla ya bima kuisha? Wakala alishika kalamu, akaandika herufi mbili za mwanzo. Kisha akaikumbuka ile Jumatatu, akaiweka kalamu chini. Akatoka bila kuaga, akashuka ngazi za nyuma ya jengo, akaketi kwenye saruji, akafungua ujumbe.

"Bwana Bima, hujambo? Bado nimekasirika, usidhani nimepoa. Lakini asubuhi nimekumbuka unavyokunja tai yako kama leso, nikacheka peke yangu, shangazi akaniuliza nimeota nini. Nakupenda, mjinga wewe. Mchumba wangu usiyeniposa. Njoo tugombane vizuri, uso kwa uso, kisha ule." Mvuke wa pasi ulisikika, kisha sauti ikabadilika. "Jambo la pili. Uliniambia nikinusa kitu nikupigie wewe kwanza. Basi nimenusa. Maji ya kisima yananukia dawa yangu. Nimelichungulia tangi, lina ufa unaoingia kidole. Tangu jana silitumii. Wapangaji nimewakataza wasichote, wanasema ninaringa na kisima si changu. Mama Pacha amenicheka. Unajua hali yake, mimba ina miezi mitatu. Mimi sina kipimo cha kuwaonyesha wakaniamini. Waambie watu wako waje wapime, waje upesi. Bima inakufa Jumatano, siyo? Leo Jumatatu. Nimewahi, eh? Mteja mzuri mimi. Sasa nijibu. Hata kwa kunitukana, nijibu tu."

Sekunde za mwisho zilikuwa za pumzi yake tu, akisubiri.

Wakala alilia pale kwenye ngazi. Alilia vibaya, kamasi na machozi pamoja, na mfagiaji aliyekuwa anapanda alirudi chini asimwaibishe. Kisha akapiga simu.

"Haloo," ilisema sauti ya Dobi.

"Ni mimi."

"Najua. Namba yako nilishindwa kuifuta."

"Naomba ruhusa yako. Ule ujumbe, nataka kuupeleka kwenye kikao cha madai. Ndiyo taarifa yenyewe. Utaliokoa duka."

"Kwa hiyo hukuupeleka."

"Sikuupeleka."

"Miezi mitatu nachungulia mlangoni nikisubiri watu wako! Nilimwambia shangazi, hata kama hanitaki mimi, kazi yake ataifanya. Ulikuwa unanikomoa?"

"Hapana, wallahi. Sikuusikiliza."

"Umeusikiliza lini?"

"Leo. Sasa hivi."

"Leo." Alilirudia neno kana kwamba halielewi. "Mama Pacha alirudi kutoka hospitali wiki iliyopita, mikono mitupu. Mimba imetoka na miezi sita. Muuguzi akamuuliza maji anachota wapi, ndipo wakaguzi wakaja. Na wewe umesikiliza leo."

"Niliogopa ulikuwa unaniaga."

Alisikia Dobi akivuta pumzi, na nyuma yake shangazi akiuliza ni nani.

"Upeleke," alisema Dobi mwishowe. "Wote. Usikate hata neno, wasije wakasema umetungwa."

Kikao kilikaa Alhamisi. Meza ndefu, wazee watatu wa kampuni, mwanasheria aliyevaa suti nyeusi, na Dobi upande wa pili, katika lile gauni la buluu. Duka lilikuwa na lakiri, lakini gauni lilikuwa limepigwa pasi, sijui wapi. Wakala aliweka simu katikati ya meza, akabonyeza.

Nakupenda, mjinga wewe. Mzee mmoja alikohoa, mwingine akainamia karatasi zake. Mchumba wangu usiyeniposa. Dobi hakuinama. Aliitazama simu moja kwa moja mpaka ilipofika kwenye kisima, na hapo ndipo midomo ilipomcheza.

Mwanasheria aliuliza tarehe, akaomba irudiwe, akaandika. Kisha akaifunga kalamu. Alisema: aliyemwambia wakala ameiambia kampuni. Taarifa ilitolewa bima ikiwa hai, na kampuni italipa.

Wakala alinyang'anywa leseni ya kazi wiki hiyo hiyo. Bosi alimsindikiza hadi kwenye lifti, uso umemkunjamana.

"Herufi sita tu, ndugu yangu. Ungeziandika."

"Nilikuwa nimeshaandika mbili," alisema Wakala, na lifti ikajifunga.

Mafundi walikuja wakalichimbua tangi, wakabeba udongo kwenye mapipa, wakawavutia wapangaji bomba hadi mwisho wa barabara. Mama Pacha alipewa fidia yake, akaipokea bila kuitazama. Hakuna daktari aliyesema ni maji, na hakuna aliyesema si maji.

Duka lilipofunguliwa tena, Wakala alikwenda. Ilikuwa alasiri. Shati lake lilikuwa na makunyanzi, na njia nzima alikuwa ameyarudia maneno yake. Shangazi aliinua macho kutoka kwenye pasi.

"Karibu, kijana," alisema, akarudi kwenye kazi yake. Lile neno mkwe halikuwapo tena, na Wakala alilisikia lilivyokosekana.

Dobi alitoka kati ya safu za nguo akiwa ameshika koti jeusi, lile aliloliacha Wakala wiki ya ugomvi. Lilikuwa safi, limefunikwa nailoni.

"Limepita siku tisini," alisema Wakala.

"Masharti ni ya wateja. Lichukue."

Hakulichukua. "Nimekuja kukuposa. Najua nimechelewa. Sina kazi, sina hata pa kuanzia, lakini nakuposa. Ukitaka nitapiga magoti hapa hapa mbele ya shangazi."

Pasi ya shangazi ilisimama. Dobi aliliweka koti mezani, akalinyoosha mkono uliokuwa umeshanyooka.

"Mama Pacha hupita hapa kila asubuhi na ndoo yake. Ananisalimia. 'Umeamkaje, mdogo wangu?' Hana kinyongo. Bora angenitukana."

"Kosa ni langu. Si lako."

"Si lako peke yako. Ofisi yako ni mwendo wa nusu saa, nami nina miguu. Ningekuja nikagonga mlango. Sikuja, kwa sababu nilikuwa nasubiri unitafute wewe kwanza." Machozi yalimtoka, akayaacha. "Tulinuniana, mpenzi wangu. Tulinuniana, na watu wakanywa."

"Mapenzi hayajaisha."

"Hayajaisha. Ndilo linaloniuma. Lakini nikikuona wewe namwona yeye. Tukioana tutakuwa watatu ndani ya nyumba."

Alimpa koti. Safari hii alilipokea, akamwinamia shangazi, akatoka.

Alikuwa hajafika kwenye kona simu ilipolia mfukoni. Ujumbe wa sauti, dakika moja na nusu. Watu walikuwa wanapita kwa haraka, mwendesha pikipiki akampigia honi atoke barabarani. Aliusogelea ukuta, hakungoja hata kuvuta pumzi, akaufungua.

"Bwana Bima. Nakupenda, usihangaike kujiuliza. Ila usirudi. Na hili ulilonalo moyoni usilisugue, unasikia? Ligandamize tu. Kwaheri."

Maneno yakaisha hapo. Yaliyobaki yalikuwa mvuke wa pasi na pumzi za mwanamke anayejizuia kulia. Ndiyo kwaheri aliyoikimbia miezi yote ile. Alisimama kando ya ukuta, koti mkononi, akaisikiliza mpaka sekunde ya mwisho.