Mfagiaji wa Njia ya Chini

Rafiki yangu Radostina si mtu wa kuzua mambo, ndiyo maana nayaandika haya. Mhadhiri wake wa upigaji picha alimkejeli mbele ya darasa: "Jiji lote hili la Sofia, wewe unawapiga picha wafagiaji?" Ndiyo, wafagiaji! Wale tunaowakwepa kila asubuhi kama madimbwi.

Siku ya Jumanne Radostina alimpiga picha bibi mmoja akifagia njia ya chini ya barabara, ambako taa zilikufa zamani. "Nipige vizuri, mwanangu," bibi alicheka. "Sina hata picha moja ya maana."

Ila chuo hakionyeshi picha ya mtu bila jina na sahihi yake. Bila hivyo, maonyesho ya chuo yangempita. Alhamisi mchana akarudi, kamera begani, mkanda wa picha za Jumanne ungali ndani, haujasafishwa.

Gizani alisikia ufagio mbele yake: shwaa, shwaa. Akaufuata mpaka kwenye ngazi. Ukanyamaza. Hakukuwa na mtu ila muuza maua.

"Mama, yule bibi anayefagia humu anaitwa nani?"

"Tsonka? Binti, usinitanie. Si huyo hapo ukutani!"

Ilikuwa karatasi ya msiba, kama zile zinazobandikwa kila mlango mjini kuwakumbuka marehemu, imepauka kwa mvua: *Mwaka mmoja bila Tsonka*. Picha ilikuwa ile ya Jumanne, bibi anacheka, ufagio mkononi. Na nyuma yake, kwenye kioo cha duka lililofungwa, alionekana msichana amepiga goti, kamera usoni. Radostina.