Mfuko Mwekundu wa Wodi ya Tatu

Vichupa arobaini vya damu vilikuwa vimetoweka kutoka kwenye jokofu la maabara, na kitasa hakikuwa na hata mkwaruzo.

"Ni damu ya wafanyakazi wetu," alisema mtaalamu wa maabara, jasho likimtoka. "Leo ndiyo tungepima kingamwili, tujue nani aliwahi kuambukizwa korona."

"Funguo anazo nani?" aliuliza inspekta.

"Mimi, na wauguzi wakuu wa wodi."

Inspekta, ambaye askari wenzake walimpachika jina la Kiroboto kwa kuwa hatulii, alishafika mlangoni. Mwizi gani huyu, anaacha hadubini na kubeba damu ya watu?

Alizunguka hospitali nzima, ngazi juu, ngazi chini, mpaka nyuma kwenye tanuri la taka. Mifuko myekundu ilikuwa ikingoja kuchomwa. Wa nne ulikuwa mzito. Alivaa glavu, akaufungua. Vichupa vyote vilikuwa ndani ya sanduku gumu, vizima. Juu ya mfuko palibandikwa lebo kwa mwandiko safi: wodi ya tatu, tarehe, saa, sahihi.

Kiroboto nusura acheke. Mwizi alikuwa amesaini wizi wake.

Alimkuta muuguzi mkuu wa wodi ya tatu akitandika kitanda.

"Sista, sahihi hii ni ya nani?"

Mama yule aliitazama, shuka likamponyoka. "Yangu. Miaka ishirini sijatupa taka bila lebo. Mkono umeandika wenyewe."

"Ulificha damu ya nani?"

"Yangu. Nilibeba vichupa vyote ili isijulikane nilikitaka kimoja tu."

"Si ungekataa tu kupimwa?"

"Maswali yangeanza. Mama mkwe alikufa kwa korona, afande. Mimi sikuugua hata mafua. Ukoo ukamtupia lawama shemeji yangu, eti katoka nayo safarini. Na kama ni mimi niliyempelekea kutoka hapa wodini? Nikanyamaza. Wamemtenga, nami nimenyamaza!"

Kwa mara ya kwanza siku ile, Kiroboto alikaa. Alimhurumia mno.

"Kichupa chako ni namba ngapi?"

"Kumi na saba."

"Damu bado inapimika. Vikirudi maabara, majibu yatatoka. Mumeo atajua."

Sista aliliokota shuka, akalikunja vizuri, akaliweka kitandani.

"Shemeji hajakanyaga kwetu tangu mazishi," alisema, akinyoosha mikono apigwe pingu. "Virudishe. Na majibu unipe mimi kwanza, nimpigie simu shemeji mimi mwenyewe."