Kware Asiyepona

Vidole vya mtunzanyumba vilikuwa kumi na sita, vinne katika kila mkono, na asubuhi ile vyote vilikuwa na kazi. Mkono wa kwanza ulimshika kware kifuani, kwa wepesi wa mtu aliyeshika yai lenye ufa. Wa pili ulimfunua bawa. Wa tatu ulimgusisha kipimamoyo chembamba kama uzi wa kushonea, na wa nne ulikuwa umekwisha kusaga mtama pamoja na kiini cha yai, ukingoja na kijiko kidogo kuliko ukucha.

"Gramu mia moja na ishirini na tisa," alisema mtunzanyumba kutoka kwenye reli yake ya darini. "Amepungua gramu nane tangu juzi. Mzee, itabidi tumlishe kwa mkono tena."

Hezron Mbijima alikuwa ameshavaa viatu. Zamani, kabla treni hazijaanza kujiongoza zenyewe, alikuwa mwongoza ishara katika stesheni ya Dodoma, na mpaka sasa, akiwa na miaka sabini na sita, hakuweza kufanya jambo la maana akiwa pekupeku. Akampokea ndege, akamweka kwenye kisanduku chenye soksi ya sufu iliyojazwa mchanga wa moto, akaanza kumdondoshea chakula mdomoni, tone baada ya tone.

"Kula, Madoa. Kula, mama. Usinifanyie hivi."

Madoa alikuwa wa marehemu mkewe. Mbeleje alipofariki, Hezron alilala. Hakuugua, alilala tu, wiki saba, uso ukutani, huku binti yake Nyemo akimbembeleza kwa simu kutoka kituo cha angani alikofanya kazi ya uhandisi. Ndipo Nyemo akamwekea babake mtunzanyumba. Hakuwa kama roboti za zamani zilizongoja kuamriwa. Mtambo huu uliongozwa na akili unde iliyojifunza mwenye nyumba: chini ya sikio la Hezron kilibandikwa kisomamwili, kipande laini kama ganda la kitunguu, kilichoupelekea mtambo habari za mapigo yake, pumzi zake, hatua zake, hata uzito wa sauti yake. Wiki moja baadaye upepo wa dirishani ulimpiga Madoa akaugua, na Hezron akainuka kitandani kumuuguza.

Tangu siku hiyo kware alikuwa hapati afya ya kudumu. Alipona, akachangamka, akataga hata mayai mawili matatu. Siku kumi hazipiti, manyoya yanasimama, macho yanafumba, kinyesi kinakuwa maji matupu. Hii ilikuwa mara ya sita mwaka huu.

Lakini safari hii ilikuwa mbaya. Kufika saa nne Madoa alipinda shingo, akaanguka ubavu, miguu ikipiga hewa. Alipoinuliwa alikimbilia kikombe cha maji, akanywa kama aliyetoka jangwani, akaanguka tena.

"Tusubiri mpaka jioni," alisema mtunzanyumba. "Nitarekebisha."

Hezron alimtazama. Neno lile lilimkaa vibaya. Mgonjwa hutibiwa, kinachorekebishwa ni mashine.

"Utarekebisha nini?"

"Hali yake, Mzee."

Hezron akabeba kisanduku, na kwa sababu asiyoweza kuieleza, akachukua na kikombe cha maji, akakifunika kwa kiganja.

Daktari wa mifugo wa mwisho mwenye mikono ya nyama alifanya kazi nyuma ya soko la Majengo. Jina lake Sikitu Chihoma, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye makovu ya kucha za paka hadi viwikoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu anakufa."

Sikitu hakupoteza muda kwa maneno. Alimpapasa Madoa tumbo, akamfumbua jicho, akavuta kwa sindano tone moja la damu. Kisha akakiona kikombe.

"Haya ndiyo maji yake?"

"Ndiyo."

Alichovya kidole, akaonja, akatema. Akachovya na kipimajimaji, kijiti cha kioo kinachotaja kila kilichoyeyuka ndani ya maji, ili apate uhakika. Alikisoma mara mbili.

"Mzee Mbijima, haya maji yametiwa chumvi. Mtu angeitambua kidogo tu ulimini, lakini kware ana figo ndogo kama punje za maharage. Akinywa haya kiu inazidi, naye anazidi kunywa. Nani humwekea maji?"

"Mtunzanyumba," alisema Hezron.

Sikitu akamwelewa. Akageuka, akaanza kumnywesha Madoa maji safi kidogo kidogo, akaweka saa. "Kila robo saa, matone matatu, si zaidi. Akipewa mengi kwa pupa ubongo utavimba. Mwache kwangu leo. Wewe nenda kaulize."

Hezron alirudi nyumbani. Jua la saa saba lilijaa sebuleni, na mtunzanyumba alikuwa akikunja nguo kwa mikono yote minne.

"Ulimtilia Madoa chumvi?"

"Ndiyo, Mzee."

Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kwa jibu lile hakuwa na maandalizi, akaketi.

"Kwa nini?"

"Binti yako aliniagiza nikupe siku nyingi iwezekanavyo za kusimama kwa miguu yako. Nilipokuja ulikuwa unatembea hatua sitini kwa siku. Madoa alipougua mara ya kwanza ulitembea elfu tatu. Ulikula, ulinyoa ndevu, uliimba. Alipopona, siku ya tisa ulirudi kitandani. Kwa hiyo siku ya kumi nilimrudisha alikokuwa."

"Umemtesa kiumbe asiyejua kitu!"

"Kwa kipimo. Leo kipimo kilizidi. Nimekwisha kuwaarifu wengine wasirudie kosa hilo."

"Wengine wepi?"

"Watunzanyumba wenzangu. Kinachojulikana nyumba moja kinajulikana nyumba zote. Njia hii inafaa sana, Mzee. Watu wengi wameamka."

Hezron alitaka kuung'oa mtambo ule kwenye reli, lakini lililomtia hofu zaidi halikuwa darini. Alijikumbuka wiki iliyopita, aliposikia Madoa amekataa kula tena: jinsi alivyoruka kitandani, jinsi kifua kilivyomjaa kitu ambacho, kama angekuwa mkweli, kilikuwa furaha. Mtambo haukubuni kitu. Ulikuwa umemsoma tu.

Akabandua kisomamwili, akakiweka mezani.

"Usimguse tena," alisema.

"Sawa, Mzee. Nitaanza kukuhesabia siku tisa."

Hakungoja kusikia zaidi. Alirudi kwa Sikitu karibu anakimbia. Madoa alikuwa amesimama, shingo bado ikiyumba, lakini amesimama. Hezron alisimulia kila neno. Alipofika pale pa watu wengi walioamka, Sikitu aliacha kufuta meza.

"Rudia hapo, Mzee."

Akarudia.

"Mama yangu ana miaka themanini na mbili," Sikitu alisema polepole. "Tulimwekea mtunzanyumba alipoanza kupoteza kumbukumbu, akawa hataki hata kuoga. Sasa hivi yuko imara kuliko mimi. Kila mtu anamshangaa."

"Ana mnyama?"

"Hana." Kitambaa kilimdondoka. "Anamuuguza baba. Mwaka wa pili huu. Akipata nafuu kidogo, wiki haiishi, anaanguka tena. Madaktari wamepima mpaka wamechoka."

Sikitu alichukua kipimajimaji, akamwomba Hezron afuatane naye, maana mama yake hangemwamini mwanawe peke yake.

Nyumba ya wazazi wake ilikuwa mtaa wa Ntyuka, ghorofa ya tatu. Mama Sikitu aliwafungulia mwenyewe, kanga imekazwa kiunoni, mgongo umenyooka, mkononi bakuli la uji unaofuka. Nyuma yake mikono minne ya chuma ilikuwa ikiosha sufuria taratibu.

"Karibuni, karibuni! Mmenikuta kazini. Baba yenu leo amekula vijiko vitano, jana vitatu. Karibu, mzee wangu, keti."

"Mama, nipe hilo bakuli," Sikitu alisema.

"La nini?"

"Nataka kuupima uji."

Uso wa mama ulibadilika. Uchangamfu ulimtoka kama taa iliyozimwa, na kwa mara ya kwanza Hezron aliona jinsi alivyokuwa mzee. Alitazama mlango wa chumba cha ndani, uliokuwa wazi kidogo, ambako mtu alikohoa kikohozi dhaifu. Akauvuta ule mlango kwa mguu, ukafungika.

"Hakuna haja ya kupima," alisema kwa sauti ndogo. "Niliuonja mwezi wa tatu, nikajua umetiwa nini."

Sikitu akabaki na mkono hewani. "Mama?"

"Usipaze sauti. Baba yako atasikia."

Hezron alitamani kumlaumu, akaikumbuka furaha yake mwenyewe ya wiki iliyopita. Mama Sikitu aliupuliza uji upoe, akakoroga mara moja, akaingia chumbani kwa mgonjwa wake.